Siki ya Radhiya Haimwagwi

Yunusi aliingia ukumbini kwa dada yake bila hodi wala salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote, akamsogezea simu usoni.

"Huyu ni nani?"

Radhiya alikuwa akikuna nazi. Alijifuta mkono kwa pindo la leso, akaipokea simu, akaiweka mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake. Kwenye kioo aliona mikono miwili ikimimina maji ya nazi yaliyochacha kutoka kwenye ndoo hadi kwenye mtungi wa kioo. Povu lilipanda na kushuka. Mikono ile ilikuwa na hina iliyoanza kufifia, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na kovu la kisu. Juu ya picha, kwa herufi nene za manjano, paliandikwa: MAMA WA KIISLAMU WA LAMU AKIPIKA POMBE KALI YA NAZI.

"Ni mimi," alisema.

"Asema ni yeye! Tena anitazama kwa mato makavu!" Yunusi alijishika kichwa. "Radhiya, nti nzima imeiona. Kizingitini wameiona, Faza wameiona. Mimi nimeonyeshwa na mtu wa mashua pale Mtangawanda, mbele ya abiria, aniuliza kama kwetu twauza kwa glasi au kwa chupa."

"Na mwisho wake u wapi?"

"Mwisho gani?"

"Hii vidio niliipiga mimi. Mwisho wake nasema kuwa ni siki, naionja, nakunja uso. Hapa haupo. Mtu ameukata."

"Kukatwa au kutokatwa mimi sikujui. Nijualo ni kuwa hiyo mitungi yako itamwagwa leo kabla ya Magharibi, na hilo kundi lako la walevi utoke."

Radhiya alimrudishia simu yake, akaivuta mbuzi ya nazi karibu, akakaa tena.

"Haimwagwi," alisema, akaendelea kukuna.

Mtu wa mbali angeshangaa mwanamke wa Chundwa, kijiji cha visiwani Lamu, mjane asiyepitwa na swala, alifikaje katika kundi la watu wanaojipikia pombe majumbani. Mambo hayo yalianza zamani, enzi ambazo simu ya Radhiya ilikuwa ya tochi na mumewe hajamaliza mwaka kaburini. Alikuwa amerithi kwa mamaye kazi ya kutengeneza achari, na achari haiendi bila siki. Siki yenyewe aliitengeneza kwa maji ya nazi kuukuu, yale ambayo nyumba nyingine huyamwaga. Yalitiwa sukari, yakawekwa yachache mpaka yakawa makali, kisha yakangojwa mpaka ukali ule ukajigeuza wenyewe kuwa uchachu. Mara nyingine ilitoka safi. Mara nyingine iliota utando wenye manyoya na kutoa harufu ya soksi, na hakuna aliyejua kwa nini. Mamaye alikuwa akisema ni jicho la watu.

Siku moja alikuwa mlangoni, mtungi ulioharibika mkononi, akitaka kuumwaga mtaroni, mwalimu Wafula akapita. Wafula alikuwa mtu wa Kimilili, ameletwa kufundisha shule ya pale, amepanga nyumba ya pili kutoka kwake. Alisimama, akanusa.

"Samahani, Bi Radhiya. Huo umefanya nini?"

"Umekufa, mwalimu."

"Kwetu tunapika pombe ya busaa," alisema Wafula, kisha akahofia kidogo kwa kulitaja neno hilo katika mtaa ule. "Hapa sipiki, nimewaheshimu wenyewe. Lakini huwa nasoma. Kuna watu wangu kwenye mtandao, wanaweza kujua."

Alileta kompyuta yake, akaiweka barazani, na kile kidude cha mtandao akakitundika dirishani, mahali pekee paliposhika. Jukwaa lenyewe liliitwa Mtungini. Lilifunguliwa na Bwana Kirimi, mwalimu mstaafu wa kemia huko Meru, na ndani yake walikuwamo daktari wa mifugo wa Eldoret aitwaye Jepchirchir, mhasibu wa Thika, fundi cherehani wa Kakamega na wengine wa kila namna. Hapakuwa na picha. Hapakuwa na anayeuza kitu. Mtu aliuliza, na siku kadhaa baadaye akajibiwa kwa maandishi marefu kama barua, yenye salamu mwanzo na dua mwisho. Wafula aliyasoma yale kama mtu asomaye habari za kwao. Radhiya alimwona, akamhurumia kimoyomoyo.

Jibu la Bwana Kirimi lilipokuja, lilikuwa maswali matupu. Mdomo wa mtungi una upana gani? Unafunikwa kwa nini? Unakaa juani au kivulini? Unajazwa mpaka wapi? Radhiya alikuwa hajapata kuulizwa na mwanamume maswali mengi hivyo juu ya kazi yake, na anayeuliza akawa anataka kweli kujua. Alijibu moja moja, Wafula akiandika. Ikaonekana kuwa siki hupumua, na yeye alikuwa akiikaba kwa kifuniko. Alinunua mitungi ya midomo mipana, akaifunika kwa kitambaa cha kanga, akaacha nafasi juu. Haikufa tena.

Kisha fundi wa Kakamega akamshauri kwamba, kama anataka iwahi, atie ndani kikombe cha siki ya zamani. Hapo Radhiya alisita. Alimwambia Wafula aandike hivi: sisi kwetu, katika madhehebu yetu, ikishakuwa kali hatutii kitu. Lazima ijigeuze yenyewe. Unaweza kuitoa juani ukaipeleka kivulini, basi. Ukitia hata punje ya chumvi ili kuigeuza, kwa mwenye kuswali imeharibika.

Alingoja kuchekwa. Bwana Kirimi aliandika: "Basi Bi Siki atatufundisha kungoja, maana humu wote tuna haraka."

Jina likamkaa. Na kwa kuwa humo hakuna aliyewahi kupika pombe ikakosa kumchachukia siku moja, kila aliyeharibikiwa alikwenda kwa Bi Siki. Jibu lake lilianza kwa neno moja: usimwage. Kisha akamweleza mtu afanye nini na kilichobaki. Daktari Jepchirchir alimwandikia kwamba pombe yake ya asali iliyomliza mwezi mzima sasa inamlainishia nyama, na kwamba wifi zake wameanza kuigombania.

Wafula alihamishwa, akaenda Kitale. Radhiya alinunua simu ya kioo ili asikatike na wale watu. Lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kugeuka. Jukwaa lilikauka, watu wakakimbilia Facebook. Kule swali liliulizwa asubuhi, likajibiwa vizuri, na jioni likazama chini ya mambo mengine, kesho yake mtu mwingine akaliuliza tena kana kwamba halijapata kuulizwa duniani. Kutoka hapo wakahamia WhatsApp, na huko yakaja maua ya "habari za asubuhi", siasa, na viwanja vya kuuzwa Kitengela. Bwana Kirimi alipofariki, rambirambi zake zilipita kati ya tangazo la sufuria na kichekesho cha paka. Radhiya alimwombea kwa namna yake, akalia peke yake jikoni, akaona haya kumweleza jirani kuwa anamlilia mtu wa Meru ambaye hajapata kumwona uso.

Ndipo akaja Ryan, kijana wa Nairobi, mchangamfu, mwenye ulimi mwepesi. Kundi lilikuwa halina mwenyewe, akalichukua. Akalitia nembo. Akafungua duka la mtandaoni la pakiti za chachu na mapipa yanayong'aa, na kila jambo likawa vidio fupi yenye muziki. Aliyeandika maneno marefu aliambiwa afupishe. Aliyesema kwamba chachu huokotwa hata kwenye ganda la tunda, pasina kununua pakiti, maneno yake yalifutwa. Wakongwe walibaki mle ndani kama watu waliohamishiwa soko lao, nao bado wanakuja kukaa pale pale palipokuwa na meza zao. Radhiya naye alibaki. Ryan alipomwomba vidio, alipiga ya mikono tu, akatuma.

Hiyo ndiyo iliyokatwa.

Siku ile ile aliyokuja Yunusi, Radhiya alimpigia Ryan.

"Mathe!" Ryan alipokea kwa furaha. "Umeona vile tumetrendi? Wewe ni staa!"

"Mwisho wa vidio yangu u wapi, mwanangu?"

"Ah, ile ilikuwa ndefu. Watu hawana taimu. Unajua siki haishiki watu kama pombe."

"Mimi nimeitwa mpika pombe katika mji wangu."

Ryan alivuta pumzi kama mtu anayefikiria. "Pole sana, mathe, sikuwa nimefikiria hivyo. Lakini sikiza, tunaweza kuigeuza iwe poa. Nakutumia pakiti zetu mpya, za kuwahisha siki. Unatia, wiki moja imeiva. Tunapiga vidio ya pili, tunaiita Siki Halali ya Lamu. Jina lako linasafishwa, na wewe unakuwa uso wa bidhaa."

"Nikitia pakiti yako, siki yangu huku hailiwi."

"Nani atajua?"

"Wewe wanijua mikono tu," alisema Radhiya. "Ndiyo maana waniuliza hivyo. Rejesha mwisho wa vidio, au iondoe."

"Siwezi kuitoa sasa, ndiyo inaleta watu. Mathe, nielewe. Hili kundi ni langu, lazima lijilipie."

"Si lako. Ni la Bwana Kirimi na walioandika humo. Wewe ulikuta watu wamekaa, ukaanza kuwauzia viti walivyokalia."

Alikata simu. Kisha akarekodi maneno yake kwa sauti, kwa Kiamu chake cha nyumbani, akayatuma kundini: kwamba mikono ile ni yake, kwamba kilichomo ni siki, kwamba mwisho umekatwa na nani na kwa nini. Hazikupita dakika nyingi, simu ikaandika kuwa ameondolewa.

Kijijini yalikuwa mabaya zaidi, maana kijijini hakuna kifungo cha kumwondoa mtu. Wanawake waliokuwa wakimsimamisha njiani walianza kuwa na safari za haraka. Asubuhi moja alikuta chupa ya achari imerejeshwa kizingitini, haijafunguliwa, imewekwa kwa adabu upande upande ili asiikanyage. Aliijua chupa ile. Ilikuwa ya Mahfudha, rafiki yake wa chuoni, waliyesoma juzuu pamoja. Hilo lilimuuma kuliko vidio.

Ijumaa baada ya swala, Maalim Abdulhalim, khatibu, alikuja pamoja na Yunusi. Khatibu alikuwa mtu mpole, sauti yake haipandi hata mimbarini. Radhiya aliwakaribisha, akaleta kahawa, kisha bila kuombwa akaanza kuitoa mitungi chumbani mmoja mmoja na kuipanga mbele yao.

"Baada ya kuwa kali, watia kitu ndani?" khatibu aliuliza.

"Sitii. Hata chumvi."

"Na nia yako mwanzo, utiapo sukari?"

"Siki, Maalim. Nisingekuwa na nia nyingine."

Khatibu alichovya ncha ya kidole kwenye mtungi mkuukuu, akaonja, macho yakamtoka machozi. Akatabasamu kwa shida. Kisha akaonyesha mtungi wa pembeni, ambao maji yake yalikuwa bado na viputo. "Na huu?"

Yunusi alimtazama dada yake kwa macho ya kumwomba. Ingekuwa rahisi kusema ni maji ya sukari.

"Huo bado," Radhiya alisema. "Huo leo mtu akiunywa atalewa. Sikufichi, Maalim. Hakuna siki duniani isiyopita ndia hiyo."

"Umemsikia!" Yunusi alisimama. "Ndani ya nyumba ya marehemu mamaangu!"

"Ndani ya nyumba hii hii mamaangu aliitengeneza, ukala achari yake mpaka ukaota ndevu," Radhiya alimjibu. "Ulidhani siki yatoka wapi, kisimani?"

Khatibu aliinua mkono kuwatuliza. Alisema kwamba jambo lenyewe limo vitabuni na halina tatizo, na kwamba atakayemwuliza atamwambia hivyo. "Lakini Bi Radhiya, midomo ya watu haisomi vitabu. Mimi nakupa rai, si hukumu. Iweke mitungi uani. Acha kazi hii kwa muda, mpaka Ramadhani ipite. Na hao watu wa mtandaoni waache kabisa. Fitina italala yenyewe."

Ilikuwa rai ya mtu mwema, na kwa hiyo ilikuwa nzito kuikataa kuliko kelele za Yunusi.

"Maalim, nakushukuru. Lakini nikiificha leo, nitakuwa nimekubali kuwa nilikuwa na la kuficha. Aliyenikata mwisho wangu alinifanyia dhambi. Nami nikijikata mwenyewe?"

"Wajitafutia maudhi," khatibu alisema taratibu.

"Yameshakuya, Maalim. Mimi nayakaribisha viti tu."

Walipoondoka, hakuirudisha mitungi chumbani. Aliitoa nje. Aliipanga kwenye baraza la mbele, upande wa njia, ule uliochacha na uliokomaa na ule ulioanza jana, kila mmoja na kitambaa chake cha kanga kilichofungwa kwa kamba. Watu waliokuwa wakienda Alasiri walipita, wakatazama, wakatazamana. Yeye alikaa katikati ya mitungi yake kwa buibui lake jeusi, simu ameisimamisha kwenye mbuzi ya nazi, akajirekodi.

Safari hii hakuonyesha mikono tu. "Mimi ni Radhiya binti Husseini, wa Chundwa," alianza. "Waliokuwa wakiniita Bi Siki, ndimi huyu." Akaeleza kazi yote tangu kuvunja nazi, kwa utaratibu wake, akikohoa palipokuja kikohozi, akisimama kumjibu salamu aliyepita. Mbuzi halisi, mwenye pembe, alipita mbele ya simu, naye hakumkata. Alifika kwenye mtungi wenye viputo akasema wazi ni kitu gani na kwa nini hakinywewi. Alionja siki, akakunja uso. Alimtaja Ryan kwa jina na alilofanya, bila tusi. Kisha akaitia vidio nzima mtandaoni, ndefu kama hotuba ya harusi.

Walioitazama walikuwa wachache mno. Ile ya Ryan iliendelea kuzunguka, na pengine mpaka leo inazunguka, maana uongo mfupi huenda mbali. Lakini miongoni mwa wachache wale alikuwamo mwalimu Wafula, akampigia kutoka Kitale.

"Bi Radhiya, nimetoka," alisema.

"Umetoka wapi?"

"Kundini. Nimewaaga na sababu nimewaambia. Daktari Jepchirchir naye ametoka, na fundi wa Kakamega. Mhasibu amebaki, anasema amezoea bei ya Ryan ya chachu." Akacheka kidogo. "Tunataka kuanza upya. Bila vidio. Mtu akiuliza, ajibiwe mpaka aelewe. Lakini hatuna mtu wa kukaa mlangoni."

"Mwaniita mimi nikae mlangoni kwa wapika pombe?"

"Tunamwita Bi Siki."

Alifikiri juu ya Yunusi, na juu ya lile ambalo mtu wa mashua angelisema sasa. Alifikiri pia juu ya Bwana Kirimi na maswali yake manne. "Nitakaa," alisema. "Na wa kwanza kuleta tangazo la kiwanja nitamtoa mimi mwenyewe."

Kundi jipya lina watu wachache, wala hawaongezeki haraka. Huandika marefu. Kuna juma hupita bila neno, halafu mtu wa Busia akauliza jambo moja na wote wakaamka.

Yunusi hakuja hata Idi. Alimpelekea samaki kwa mkono wa mtu, changu wakubwa wawili, bila ujumbe. Radhiya akapeleka bakuli la achari, bila ujumbe vilevile. Halikurudishwa. Wanunuzi wa Kizingitini hawakurejea, na duka moja la Lamu lililokuwa likichukua siki yake lilisema limepata nyingine. Alipunguza mitungi, hakuiondoa barazani. Wako waliopita na kugeuza nyuso. Aliwaamkia kwa majina yao, kwa sauti, mpaka kutojibu kukawa kazi ngumu kuliko kujibu.

Asubuhi moja, jua limekwisha kupanda na njia imejaa watu, Mahfudha alikuja. Hakupita mlango wa uani kama wanavyopita marafiki. Alisimama mbele ya baraza, chupa tupu kwapani, mahali ambapo kila mtu angemwona, naye alijua kuwa anaonwa, maana shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu aliyebeba mtungi wa maji.

"Radhiya," alisema, tena kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, "nataka siki."

Radhiya hakuinuka upesi. Kulikuwa na mengi ya kusema kuhusu chupa iliyowekwa upande upande kizingitini, na aliyapanga yote mdomoni. "Ipi?" akauliza.

"Hii." Mahfudha aliinama, akafunua kitambaa cha mtungi wa karibu, akanusa, akakunja pua. "Hapana. Hii haijakaza, Radhiya. Mimi nina pweza nyumbani mgumu kama kiatu. Nipe ile itoayo matozi machoni."

Radhiya aliinuka kwenda kuichukua.